Tamaa Iliyokatwa na Nafsi Iliyoinama: Sarufi ya Tumaini katika Kiswahili cha Kikristo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili cha Kikristo kinavyoisema hali ya kukata tamaa na namna kinavyolisema tumaini linaloipinga hali hiyo. Data imetolewa katika Biblia ya Tafsiri ya Muungano (1952), katika matumizi ya kawaida ya makanisa ya Afrika Mashariki, na kwa kiasi kidogo katika riwaya ya Kiswahili. Makala yanadai kwamba nahau "kukata tamaa" humfanya mwenye dhiki kuwa mtenda wa dhiki yake mwenyewe, ilhali lugha hiyohiyo ya kanisa ina njia nyingine za kuisema hali hiyo ambazo hazimbebeshi lawama. Aidha, yanaonesha kwamba kitenzi "tumaini", tofauti na "taraja", kina uwezo wa kisarufi wa kuchukua nafsi kuwa yambwa yake, na kwamba uwezo huo ndio unaobeba uzito wa kiteolojia wa neno hilo.

1.0 Utangulizi

Katika misiba, wodi za hospitali na vyumba vya ushauri vya makanisa ya Afrika Mashariki, kuna sentensi ambayo hurudiwa kuliko nyingine zote: "Usikate tamaa." Husemwa kwa nia njema. Aliyefiwa huitikia "Amina" au "Asante", na mazungumzo huendelea. Hata hivyo, sentensi hiyo ikitazamwa kwa jicho la sarufi, ni amri ya kukanusha. Anayeambiwa ni mtenda, kitenzi ni elekezi, na kitendo kinachokatazwa ni cha hiari. Kwa muundo wake, sentensi hiyo inamwambia mtu aliyelemewa kwamba kuna jambo anakaribia kulifanya, au amekwisha kulifanya, ambalo hakupaswa kulifanya.

Wachungaji na washauri wengi wamewahi kukutana na waumini ambao, juu ya huzuni yao ya kwanza, wamejiongezea huzuni ya pili: kwamba wamemkosea Mungu kwa kukata tamaa. Huzuni hiyo ya pili ina sababu nyingi za kiroho na za kisaikolojia, na isimu haiwezi kuzieleza zote. Lakini sehemu yake imo katika maneno yenyewe. Makala haya yanajihusisha na sehemu hiyo tu.

2.0 Tamaa: neno lenye nyuso mbili

Neno "tamaa" limetokana na Kiarabu, na katika Kiswahili limebeba maana mbili ambazo kamusi huziweka chini ya kidahizo kimoja. Ya kwanza ni hamu kubwa ya kupata kitu, ambayo mara nyingi huelekea kwenye uchoyo au uasherati. Ndiyo maana inayosikika katika methali "Tamaa mbele, mauti nyuma" na katika kivumishi "mwenye tamaa", ambacho hakuna anayependa kuitwa. Ya pili ni matarajio ya kupata jambo jema, na hii haipatikani kwa urahisi nje ya nahau chache: "kukata tamaa", "kukatisha tamaa", "kutia tamaa".

Kiswahili cha Biblia kimeitia nguvu maana ya kwanza. Barua za Mtume Paulo na za Petro, katika Tafsiri ya Muungano, hulitumia neno "tamaa" kila zinapozungumzia misukumo ya mwili ambayo muumini anapaswa kuishinda. Matokeo yake ni kinzani ambayo wasikilizaji wengi hawaitambui kwa sababu wameizoea. Jumapili moja muumini anahimizwa auawe ndani yake uwezo wa tamaa. Jumapili inayofuata anahimizwa asiikate tamaa. Mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani huiona kinzani hiyo mara moja na kuiuliza. Mzawa huhitaji kuelekezwa.

Kwa kawaida hujibiwa kwamba nahau haipaswi kuchambuliwa neno kwa neno, na jibu hilo ni sahihi kwa kiasi. "Kukata tamaa" imeganda. Hata hivyo, haijaganda kabisa, kwa maana bado inaruhusu kijalizo: mtu anaweza kukata tamaa ya kupona, ya kuolewa, ya kupata kazi. Katika 2 Wakorintho 1:8 Paulo anaeleza taabu iliyompata katika Asia, na watafsiri wanasema kwamba yeye na wenzake walikata tamaa ya kuishi. Hapo "tamaa" imerudia maana yake ya msingi ya hamu, na kinachokatwa ni hamu ya uhai wenyewe. Ni vema ikumbukwe kwamba anayesema hivyo ni mtume, na kwamba hajilaumu. Anaitaja hali hiyo kama sehemu ya habari anayotaka Wakorintho waifahamu.

Nahau hii si mali ya Wakristo. Kiarabu nacho kina msemo wa kukata tumaini, na Waswahili Waislamu walikuwa wakionyana wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu kabla ya mmisionari yeyote kufika pwani. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji huo, alikuta lugha yenye istilahi za kiroho zilizokwisha kukomaa: imani, subira, faraja, rehema, dhiki. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkewe Rosine alifariki, na mtoto wao mchanga akafuata baada ya siku chache. Krapf hakuacha kazi. Wanahistoria wa misheni wamelieleza tukio hilo mara nyingi kama kielelezo cha ushujaa. Kwa mwanaisimu lina mvuto mwingine: mtafsiri wa kwanza wa Maandiko kwa Kiswahili alijifunza msamiati wa msiba wa lugha hiyo akiwa yeye mwenyewe mfiwa, miongoni mwa watu waliompa pole kwa maneno ya dini yao.

3.0 Kukata, kulegea, kuchoka, kuzimia, kuinama

Swali la kufaa kuulizwa ni je, kukata tamaa ndiyo njia pekee ya Kiswahili cha Biblia kuisema hali hii? Jibu ni hapana, na ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika kitenzi kimoja cha Kigiriki, *enkakein*, ambacho maana yake ni kuishiwa nguvu ya kuendelea, kufifia moyo.

Katika Luka 18:1, penye utangulizi wa mfano wa mjane na kadhi, Tafsiri ya Muungano inakifasiri kitenzi hicho kwa "kukata tamaa". Katika 2 Wakorintho 4:1 na 4:16 kitenzi hichohicho kimekuwa "kulegea". Katika Wagalatia 6:9 kimekuwa "kuchoka". Watafsiri hawakukosea, kwani muktadha ulidai tofauti hizo. Lakini tofauti za kisarufi ni kubwa kuliko zinavyoonekana. "Kukata" ni kitenzi elekezi chenye mtenda. "Kulegea" na "kuchoka" ni vitenzi vya hali. Kamba hulegea na mwili huchoka, na hakuna anayeilaumu kamba. Kwa hiyo msomaji wa Luka anaambiwa asifanye jambo, na msomaji wa Wakorintho anaambiwa jinsi hali fulani isivyowapata watumishi wa Injili, ingawa mwandishi wa Kigiriki alitumia neno lilelile.

Wagalatia 6:9 inaongeza usemi mwingine wenye thamani, yaani "kuzimia roho". Kuzimia ni jambo linalompata mtu. Hakuna anayezimia kwa kuamua, na aliyezimia hakemewi bali humwagiwa maji, hupepewa, hushikwa. Sitiari hii inaalika tendo la msaada, ilhali sitiari ya kukata inaalika onyo. Kwa mtazamo wa nadharia ya sitiari dhanifu ya Lakoff na Johnson (1980), sitiari mbili za hali moja hazibadilishani kama nguo, kwani kila moja huja na mantiki yake juu ya nani afanye nini.

Usemi wa tano unapatikana katika Zaburi ya 42 na ya 43, ambazo wataalamu wengi huzihesabu kuwa shairi moja kwa sababu ya kibwagizo chake kinachorudi mara tatu. Hapo mshairi anaisemesha nafsi yake na kuiuliza sababu ya kuinama. Kitenzi "kuinama" kimeteuliwa vizuri sana. Mti wenye matunda huinama, mzee huinama, mtu aliyebeba mzigo huinama. Aliyeinama hajaanguka, na anaweza kuinuliwa. Tena mshairi hatoi amri kwanza, anauliza, "kwa nini?" Ni baada ya swali ndipo nafsi inapoelekezwa kumtumaini Mungu. Mpangilio huo, swali kabla ya agizo, ungestahili kufuatwa na kila anayeketi na mfiwa. Mara nyingi haufuatwi.

Mnyambuliko wa kitenzi "kata" wenyewe nao una njia ya kutokea. Kauli ya kutendesha ikitiwa kauli ya kutendwa hutoa "katishwa tamaa", ambapo lawama huhamia kwa aliyekatisha: mwajiri, ndugu, matokeo ya mtihani. Kauli ya kutendeka hutoa "tamaa imekatika", ambapo hakuna mtenda anayetajwa. Tofauti kati ya "nimekata tamaa" na "tamaa imenikatikia" ni tofauti kati ya mtu aliyekata kamba na mtu ambaye kamba imemkatikia mkononi. Katika mazungumzo ya faragha watu huitumia miundo hii ya pili kwa wepesi. Katika mahubiri muundo wa kwanza ndio unaotawala.

4.0 Kumtumaini mtu, kutarajia kitu

Maneno mawili yanashindania nafasi ya *elpis* ya Kigiriki katika Kiswahili cha Biblia, nayo ni "tumaini" na "taraja". Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Mzizi unaohusishwa na "tumaini" una maana ya utulivu na kuwa na hakika, ndio uleule unaosikika katika usemi wa Kiislamu "nafsi mutmainna", nafsi iliyotulia. Mzizi wa "taraja" ni wa kungoja jambo litokee.

Tofauti ya asili imesalia katika sarufi. "Kutaraja", na umbo lake lililoenea zaidi "kutarajia", huchukua jambo kuwa yambwa: mvua, mshahara, mgeni kwa maana ya ujio wake. "Kutumaini" huweza kuchukua jambo kwa njia ya kishazi ("natumaini kwamba utafika"), lakini pia huchukua nafsi moja kwa moja kwa kiambishi cha yambwa: ninakutumaini, walimtumaini. Sentensi "ninamtarajia Mungu", ikisemwa, ingeeleweka kuwa msemaji anangoja Mungu afike. "Ninamtumaini Mungu" haisemi lolote juu ya kufika. Inasema mtu ameegemea wapi. Umbo fupi "tumai" limeelekea upande mwingine kabisa. Limekuwa adabu ya barua na salamu ("natumai u mzima"), na si rahisi kulisikia likichukua nafsi.

Mgawanyo katika Waraka kwa Warumi unafuata mpaka huu kwa kiasi cha kushangaza. Katika sura ya 4, Abrahamu anangoja mtoto ambaye umri umekwisha kumkataa, na watafsiri wanatumia kitenzi "kutarajia". Katika 8:24, panapozungumzwa kitu kisichoonekana bado, wanatumia nomino "taraja". Lakini katika sura ya 5, ambapo dhiki huzaa saburi, saburi huzaa uthabiti wa moyo, na uthabiti huo huzaa jambo la mwisho, jambo hilo la mwisho limeitwa "tumaini". Pale ambapo kuna kitu kinachongojwa, neno ni taraja. Pale ambapo kuna tabia ya moyo iliyojengwa katika uhusiano na Mungu, neno ni tumaini. Kama watafsiri waliikusudia tofauti hii au waliisikia tu masikioni mwao, matokeo ni mamoja: msomaji wa Kiswahili amepewa tofauti ambayo Kigiriki, chenye neno moja, hakikuionesha kwa msamiati.

Umuhimu wake kwa mtu aliye katika dhiki ni huu. Taraja lina mwisho unaopimika: mgonjwa amepona au hakupona. Likishindwa, limeshindwa. Mahubiri mengi ya siku hizi yanayoahidi muujiza kwa tarehe fulani husema "tumaini" huku yakimaanisha taraja, na tarehe inapopita muumini hana neno la kumsaidia kutofautisha kilichoanguka na kilichobaki. Lugha yenyewe inalo neno hilo. Kinachokosekana ni uangalifu wa wanaolitumia.

Umoja na wingi navyo si jambo dogo. "Matumaini" ya wingi yameenea katika habari, siasa na afya. Tangu janga la UKIMWI, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, usemi "kuishi kwa matumaini" umekuwa tasfida ya heshima ya kuishi na virusi, nao umefanya kazi kubwa ya kuondoa fedheha. Umoja, "tumaini", umebaki zaidi kanisani na katika majina: ya watu, ya shule, ya hospitali, ya chuo kikuu cha Kilutheri. Waefeso 4:4 inataja tumaini moja, na sifa hiyo ya umoja isingewezekana kwa "matumaini" bila kuvuruga maana. Matumaini yanaweza kuwa mengi na kupungua moja baada ya jingine.

5.0 Ushuhuda na kubadilika kwa mtenda

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanzania uliimarisha utanzu wa masimulizi ambao fasihi simulizi ya Kiswahili bado haijautendea haki, nao ni ushuhuda. Muundo wake wa jumla unajulikana, lakini sarufi yake haijachunguzwa vya kutosha. Tuchukue mfano uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi: "Nilikata tamaa, nikaacha kazi, nikajifungia ndani. Bwana akanitembelea, akaniinua. Leo nimeokoka."

Katika nusu ya kwanza msimulizi ni mtenda wa kila kitenzi. Katika nusu ya pili amekuwa yambwa, na kiambishi -ni- kimehama kutoka nafasi ya kiima. Kiambishi -ka- kinaunganisha nusu hizo kana kwamba ni mfululizo mmoja usiokatika, bila "lakini", ingawa kilichobadilika ni kila kitu. Sentensi ya mwisho haitumii kauli ya kutendwa, "nimeokolewa", bali ya kutendeka, "nimeokoka", ambayo inamtaja aliyefikia hali bila kumtaja aliyemfikisha. Waliokuwa nje ya Uamsho walilaumu umbo hilo kuwa ni la majivuno. Yawezekana kabisa kwamba walisikia kilichokuwamo: mtu anayejitangazia hali. Lakini kwa kuwa vitenzi vilivyotangulia vimekwisha kumtaja mtenda, kauli ya kutendeka huweza pia kusomwa kama pumziko baada ya kazi ambayo mwingine ameifanya.

Riwaya imeitazama njia isiyo na nusu ya pili. Euphrase Kezilahabi, aliyesoma seminari ya Kikatoliki na kuipa riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika* (1971), jina litokalo katika litania ya Bikira Maria, aliwaongoza wahusika wakuu wa riwaya hiyo na ya *Kichwamaji* (1974) hadi kujiua. Wahakiki wengi wameusoma uamuzi huo kwa kigezo cha udhanaishi, na hawakukosea. Hata hivyo, Rosa anakatika ndani ya jamii inayosali. Kinachokosekana katika riwaya si msamiati wa dini bali mtu wa kuuliza swali la Zaburi ya 42 na kungoja jibu.

6.0 Upeo wa ukanushi mbele ya kaburi

Andiko linalosomwa mara nyingi katika mazishi ya Kikristo ni 1 Wathesalonike 4:13, ambapo Paulo anazungumzia huzuni ya waamini na ya wengine "wasio na matumaini". Kanuni iliyopendekezwa katika sehemu ya 4.0 ingetabiri umoja, nayo Tafsiri ya Muungano imeweka wingi; ni ubaguzi ambao haufai kufichwa. Lakini tatizo kubwa zaidi ni la ukanushi. Sentensi ina kitenzi "huzunika" katika kukanusha, kisha kishazi kinachoanza kwa "kama". Upeo wa ukanushi unaweza kuishia kwenye kitenzi: msihuzunike, tofauti na wengine ambao huhuzunika. Au unaweza kufika hadi kwenye "kama": huzunikeni, ila si kwa namna yao.

Utata huo umo pia katika Kigiriki, na wafafanuzi wamegawanyika juu yake. Katika Kiswahili kinachosemwa, kiimbo ndicho kinachoamua. Msomaji akipumua kabla ya "kama", huzuni imekatazwa. Akiisoma sentensi kwa pumzi moja na kuweka mkazo kwenye namna, huzuni imeruhusiwa na kupewa mwelekeo. Muktadha mpana unaunga mkono usomaji wa pili, kwa kuwa sura hiyo inamalizikia kwa agizo la kufarijiana, na asiye na huzuni hahitaji faraja. Hivyo pumzi moja ya msomaji wa somo, ambaye pengine ni kijana aliyepewa Biblia dakika chache kabla ya ibada, inaweza kumruhusu mjane alie au kumnyima ruhusa hiyo.

Zaburi ya 88 haichaguliwi mara kwa mara katika nyakati hizo, na sababu yake inaeleweka: ni zaburi ya maombolezo isiyogeuka kuwa sifa, na neno lake la mwisho linamwacha msemaji gizani. Kibwagizo cha Zaburi ya 42 hakimo. Nafsi haiambiwi itumaini. Lakini kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho msemaji anazungumza na Mungu katika nafsi ya pili, anamwita kwa jina, na hata anapolalamika kwamba rafiki zake wametengwa naye, kiambishi cha kiima katika kitenzi hicho ni u-, chake Yeye anayesemeshwa.